Mzinga mdogo wa kale: pima tundu kabla ya kuuliza bei

Jirani yangu, mzee wa miaka 70 na ushei, aliingia barazani kwangu amekumbatia kitu kizito kilichofungwa kanga kuukuu. Alipokifungua juu ya meza, nikaona mzinga. Mzinga wa haki kabisa: mdomo umetuna, pete tatu mwilini, masikio mawili ubavuni ya kuulaza kwenye gari lake, kirungu nyuma. Ila haufiki shubiri mbili. Tangu enzi za baba yake kazi yake ilikuwa kuzuia mlango wa sebule usibamizwe na kusi.

"Mwanangu, wewe ndiye unayecheza na saa mbovu na masinia ya kale," akasema. "Nitazamie huu ni wa lini, na ukienda sokoni unaleta ngapi. Mama yako keshaweka ndimu na majivu, anataka kuusugua ung'ae."

Nikamwomba ndimu zisubiri. Halafu, kabla sijatafuta mwaka wala muhuri wowote, nikaugeuza mzinga mdomo ukatazama ukuta wa mawe, tako likaelekea upande usio na mtu, nikaenda kutafuta kijiti cha mwanzi.

Mzee akacheka. "Unaogopa kizuizi cha mlango?"

Ndiyo, nakiogopa. Mzinga wa namna hii ni ndugu wa gobori: hauna mahali pa kuufungua nyuma ukaona kilichomo. Kila kitu kinaingilia mdomoni. Kwanza baruti, juu yake kitambaa au makumbi, kisha tufe au marisaa, vyote vikashindiliwa kwa mdeki hadi chini kabisa. Moto unaingilia kwenye kitundu kidogo cha juu, karibu na tako. Aliyeushindilia asipoupiga, shehena inabaki humo humo, na kwa nje mzinga uliojaa na mzinga mtupu havina tofauti yoyote. Mlinzi huujaza jioni akalala, akahama, akafa, wajukuu wakaurithi.

Na baruti nyeusi haizeeki kama watu wanavyodhani. Ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shura, takriban robo tatu; mkaa; na salfa, yaani kile kiberiti cha unga. Hakuna hata kimoja kinachooza. Maji huiyeyusha shura na kuidhoofisha baruti, lakini kitambaa kilichoshindiliwa vizuri na kutu iliyoziba mdomo hufanya kazi ya kizibo cha chupa. Januari 2013 mafundi wa bustani ya Central Park jijini New York walikuwa wakiondoa kutu kwenye mzinga unaohusishwa na HMS Hussar, manowari ya Kiingereza iliyozama mwaka 1780 katika mkondo wa East River. Mzinga ule ulikabidhiwa bustani katika karne ya 19, na watu waliuzoea kama pambo. Ndani wakakuta tufe, kitambaa, na baruti ya karibu gramu 800. Polisi wakaitwa, na ikaonekana baruti ile bado ingeweza kuwaka. Miaka mitano kabla ya hapo, katika jimbo la Virginia, mkusanyaji mzoefu wa vitu vya vita aliuawa nyumbani kwake na tufe la mzinga lenye baruti ndani alipokuwa akilisafisha. Alikuwa amesafisha mengi kabla ya hilo.

Sasa mtu atasema hiyo ni mizinga mikubwa. Kweli. Lakini mzinga wenye tundu la milimita 19 unapitisha kitu kikubwa kuliko risasi ya bunduki nyingi za kivita, na chuma chake cha kale kinaweza kupasuka kikarusha vipande. Udogo hauufanyi mwanasesere.

Kipimo chenyewe ni chepesi kiasi kwamba watu hukidharau. Chukua kijiti cha mbao au cha mwanzi, kilichonyooka, kisicho na chuma mwisho wake, kwa sababu chuma kikigusa chuma hutoa cheche. Kaa ubavuni, wala si mbele ya mdomo, wala usiukalie nyuma. Weka kijiti juu ya mzinga, kwa nje, kutoka ukingo wa mdomo hadi kwenye kitundu cha moto, ukitie alama ya kalamu pale mdomo unapoishia. Kisha kishike kwa ncha za vidole viwili, usikifunike kwa kiganja, ukiteremshe taratibu ndani ya tundu mpaka kisimame chenyewe. Usisukume. Usigonge. Mzinga mtupu utakimeza kijiti mpaka alama ifike mdomoni au ipite kidogo, kwa sababu kitundu cha moto huingia karibu na sakafu ya tundu. Alama ikibaki nje, kuna kitu chini.

Mzinga wa mzee ulikuwa sentimita 33 kutoka mdomo hadi kitunduni. Kijiti kiliingia 27.

Mzee aliacha kucheka. Nami sikuchokonoa. Hapo ndipo watu wengi hukosea: huona kama ni uchafu tu, wakatia bisibisi, wakatia waya, wengine wakaupeleka kwa mchomeleaji aupashe moto "utoke wenyewe". Mzinga wenye kitu ndani hautobolewi kwa drili, hauchomwi, haugongwi, hausuguliwi kwa brashi ya mashine, wala haupandishwi daladala kwenda kuonyeshwa kwa fundi. Unaachwa ulipo, mdomo ukitazama ukuta, watoto wanatolewa, sigara inazimwa, polisi wanaarifiwa, nao wana njia ya kuwapata wataalamu wa milipuko. Kuna walioona haya kupiga simu kwa ajili ya kitu cha shubiri mbili. Wasione.

Jambo jingine la kuangalia ni kitundu chenyewe. Ukikikuta kimezibwa, usiseme basi mzinga umekufa. Zamani askari waliolazimika kuuacha mzinga wao walipigilia msumari kwenye kitundu ili adui asiweze kuutumia. Msumari huzuia moto kuingia. Hautoi baruti iliyokwisha kuingia.

Wataalamu walikuja kesho yake, wakalowesha, wakasubiri, wakavuta. Kilichotoka kilikuwa kiota cha tope cha nyigu, kipande cha shuka, na gololi mbili za kioo. Mzee alizitazama gololi muda mrefu, akazitia mfukoni bila kusema kitu.

Ndipo tukauliza swali lake: ni wa lini, na ni wa nini?

Neno letu lenyewe linasaidia kidogo. Mzinga wa nyuki ni gogo lililotobolewa katikati, na mzinga wa baruti nao ni gogo la chuma lenye tundu katikati. Mswahili aliona umbo akaliita jina moja. (Aliyekupiga mzinga wa elfu kumi mjini ni habari nyingine.) Tundu, basi, ndilo roho ya kitu hiki, na ndilo mwigaji anaona uvivu kulitengeneza. Mizinga mingi ya mapambo inayouzwa leo ina tundu la kina cha kidole tu, au mdomo uliochimbwa kidogo ukapakwa rangi nyeusi. Kitundu cha moto ni kijishimo kisichofika popote. Mzinga uliotengenezwa kupiga, hata uwe wa urefu wa kalamu, una tundu linalofika karibu na tako, na kitundu chake kinakutana nalo chini. Ukiwa umepigwa mara nyingi, kingo za kitundu zimeliwa na moto, hazina ukali wa drili. Wa mzee ulikuwa hivyo: kitundu kimepanuka kama sikio lililobeba kipuli kizito.

Halafu masikio, yale magogo mawili ya ubavuni. Katika mzinga wa kweli yamesubiwa pamoja na mwili, kalibu moja, na hukaa mbele kidogo ya pale mzinga unapolingana uzito, ili tako liwe zito na mdomo usiiname wenyewe. Ulaze kwenye vidole viwili kwa masikio yake: tako likishuka, aliyeutengeneza aliijua kazi. Ukikuta masikio ni kipande cha fimbo kilichopenyezwa au kuchomelewa kwa madini ya risasi, unashika pambo, au mzinga uliovunjika ukakarabatiwa.

Madini yanahitaji sumaku na mizani. Sumaku ikinasa, ni chuma cha kusubu au feleji. Isiponasa, inaweza kuwa shaba iliyotiwa bati, yenye wekundu wa hudhurungi. Au shaba iliyotiwa zinki, ile ya manjano ya masinia na mabuli. Au aloi ya zinki, yaani zinki iliyochanganywa na madini mengine, iliyopakwa rangi ya shaba, ambayo ndiyo hujaza maduka ya zawadi. Hii ya mwisho hujisaliti kwa mshono mwembamba unaokimbia ubavuni kutoka mdomo hadi nyuma, na pale ilipokwaruzika huonyesha jivu badala ya manjano. Ukishahakikisha mzinga ni mtupu na si wa chuma, unaweza kuutia kwenye ndoo iliyojaa maji mpaka ukingoni, ukakinga maji yanayomwagika. Wa mzee una kilo 4.2, ukamwaga maji ya mililita 490 hivi. Gawanya: gramu 8.6 kwa kila mililita. Shaba za aina zote mbili hucheza hapo, chuma cha kusubu kiko kwenye 7.2, aloi ya zinki kwenye 6.6 hivi. Hesabu ya shule ya msingi, na imewahi kumwokoa mtu asitoe fedha ya shaba kwa kitu cha zinki.

Gari la mzinga lisikudanganye, magari hubadilishwa kama viatu. Lakini lichunguze skrubu. Skrubu yenye kichwa cha nyota ilienea baada ya miaka ya 1930. Ikiwa ndiyo inayoshika gurudumu la gari "la mwaka 1750", basi ama gari ni jipya ama hadithi ni mpya. Skrubu za kale zina mfereji mmoja, mara nyingi haukupita katikati sawasawa, kwa sababu ulikatwa kwa msumeno wa mkono.

Sasa maandishi, ambayo watu huyakimbilia kwanza nami nayaweka nyuma, kwa kuwa ndiyo rahisi kuiga kuliko yote. Herufi VOC zilizosukwa pamoja ni za Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki, iliyoanzishwa 1602 na kufa mwisho wa mwaka 1799. Ni alama inayopendwa sana na waigaji. Nimewahi kuonyeshwa mzinga wenye VOC na mwaka 1815, na muuzaji akaapa kwa mama yake. Alama nyingine ni tarakimu tatu zilizotenganishwa kwa vistari, kama 6-2-14, kwenye mizinga ya Kiingereza. Si tarehe. Ni uzito: ya kwanza ni vipimo vya ratili 112, ya pili robo zake za ratili 28, ya tatu ratili zilizobaki. Kwa hiyo 6-2-14 ni ratili 742, karibu kilo 337. Ukikuta tarakimu kama hizo kwenye mzinga unaoubeba kwa mkono mmoja, mtu alinakili mzinga mkubwa mpaka na uzito wake, bila kujua anaandika nini.

Maandishi ya kweli yana tabia ya kurundikana. Mfano mzuri ni ile mizinga miwili ya shaba ya Beit al-Ajaib, Unguja: imebeba nembo za ufalme wa Ureno, na pia maandishi ya Kiajemi yanayohusishwa na mwaka 1622, Waajemi walipowang'oa Wareno kisiwani Hormuz, mlangoni mwa Ghuba ya Uajemi, wakisaidiwa na Waingereza. Kila mwenye kuiteka aliongeza lake. Ndiyo maana mzinga wenye alama moja safi, nzuri, katikati kabisa, hunitia shaka kuliko wenye alama tatu zilizokwaruzana.

Mzinga mdogo usio na alama yoyote unabaki kuulizwa kazi yake. Nchi za Malay na Borneo zilisubu mizinga ya shaba ya kuzungushwa kwenye uma, na ile midogo ikawa mali kama ng'ombe kwa mfugaji: Brunei watu walilipia faini na mahari kwa mizinga. Hiyo hutambulika kwa mapambo yake ya majani na wanyama, na kwa tako lenye mrija wa kuchomekea mpini wa mbao. Ulaya kulikuwa na mizinga ya adhuhuri iliyowashwa na jua, yenye kioo cha kukuza kilichopangwa ili saa sita kamili jua lichome kitundu; wa Palais-Royal mjini Paris uliwekwa mwaka 1786, na watu walirekebishia saa zao mlio wake. Wenye mashua za mashindano walikuwa na mizinga ya ishara, ya kuanzisha na kumaliza mbio. Wa Kimarekani maarufu ni Winchester Model 98, uliotengenezwa kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, ambao unafunguka nyuma na kula fataki zisizo na marisaa, za geji 10 (kipimo cha upana wa mtutu). Huu una tarehe ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya 20 Agosti 1901 iliyopigwa chumani. Tarehe hiyo ni ya hataza, si ya kuzaliwa kwa mzinga ulio mkononi mwako, kosa ambalo hata wauzaji wakubwa hulifanya.

Na kuna ya watoto. Kampuni moja ya Pennsylvania iliuza mizinga ya chuma ya kuchezea iliyotumia kabaidi, ile ile ambayo mafundi wa gesi wanaijua na ambayo wauza maembe wasio na subira hutumia kuivishia. Kabaidi ikikutana na maji hutoa gesi ya asetilini, cheche ikailipua. Mwanasesere wa namna hiyo ukiukuta una unga wa kijivu ndani, usiuoshe kwa maji ukiwa karibu na jiko.

Nikiuweka mzinga wa mzee mahali pake kwa vipimo hivi: shaba ya manjano, tundu halisi la milimita 19, kitundu kilicholiwa, masikio ya kalibu moja, hakuna muhuri, hakuna mapambo. Hukumu yangu ni mzinga wa ishara wa chombo, wa karne ya 19, wa kupiga mlio wa kuagana au kuomba nanga bandarini zaidi ya kupigana. Nilimweleza kwamba hukumu yangu si cheti, na kwamba jumba la makumbusho halitozi fedha kwa kutazama.

Akauliza kuhusu kuuza. Hapa sheria zinaingia, na zinatofautiana kwa pwani moja. Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 kina ulinzi, na hakitoki nchini bila kibali. Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 imeweka mstari kwenye 1895. Ndugu walioko Marekani watasikia mwaka 1898, kwa kuwa sheria yao ya silaha inahesabu kilichotengenezwa hadi mwaka huo kuwa cha kale. Ukikiokota baharini, usikigeuze mali yako kabla hujauliza. Sheria ya silaha nayo iko pembeni ikisubiri, hasa ukifikiria kuupiga. Mimi simshauri mtu kupiga mzinga wa kale hata kwa harusi. Nyufa za ndani ya shaba hazionekani kwa macho, na fundi aliyeusubu hayupo kujibu.

Nikija kwenye usafi, ndipo penye madhara mengi kuliko yote. Rangi nzito ya hudhurungi au kijani kibichi kilichotulia juu ya shaba ni ngozi yake. Imechukua miaka kuota na inailinda. Ndimu, ukwaju na majivu huivua kwa nusu saa, na pamoja nayo hulainisha kingo za alama ambazo ungezisoma. Mnunuzi anayejua hupunguza bei akiona mng'ao. Cha kuhofia ni unga wa kijani hafifu unaopukutika ukiugusa, kama chumvi iliyotiwa rangi: hiyo ni maradhi ya shaba, inaletwa na chumvi na unyevu, ambavyo pwani hatuviagizi. Dawa ya kwanza ni kuuweka pakavu. Vumbi lifutwe kwa kitambaa laini kikavu, mikono iwe na glavu, kwa sababu jasho nalo ni chumvi na kwa sababu mizinga ya zamani mara nyingi ina madini ya risasi kwenye mchanganyiko wake. Osha mikono kabla ya kula.

Chuma kilichotoka baharini ni hadithi tofauti, na ni cha kusikitisha. Kikitolewa majini kikaanikwa juani, chumvi iliyonyonywa ndani hukauka, ikapanuka, na mzinga uliovumilia miaka 200 chini ya bahari humeguka kama mkate wa mofa ndani ya miezi. Kiache ndani ya maji mpaka wataalamu wafike; makumbusho huviloweka kwenye maji ya magadi kwa miezi, pengine miaka.

Mzee aliufunga tena mzinga kwa kanga ile ile. Siku ya pili nilipita kwake, nikaukuta kazini, umeegemea mlango, umefutwa vumbi tu. Mama alikuwa jikoni. Ndimu zilikuwa zimekwenda kwenye changu.